Fahali Wawili na Daftari la Zizi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kisu. Nilikuja nimejiandaa: buti mpya za mpira, koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili katika nyumba yetu ya kambi ya polisi, na kichwani majina ya matezi yote ya ng'ombe, niliyoyakariri chuoni mpaka nikawa nayaota. Mkaguzi Mkuu wa Nyama alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na hakuwa na maneno mengi. Aliniambia niache kisu changu ofisini, nimfuate. Tukapita ukumbi wa kuchinjia bila kusimama, tukatokea nyuma kwenye zizi la mapumziko, pale ng'ombe wanapowekwa kabla ya kuchinjwa. Akanionyesha ukuta mfupi, akasema nisimame hapo mpaka adhuhuri, kisha nimweleze nilichoona.

Adhuhuri ilipofika nilimwambia nimeona ng'ombe wa kila rangi, wote wazima.

"Hukuona kitu," alisema. "Yule mwekundu wa pembeni hajacheua tangu asubuhi. Ng'ombe aliyetulia hulala na kucheua. Asiyecheua ana jambo, na kazi yako ni kulijua jambo hilo kabla kisu hakijalificha."

Alinisimamisha kwenye ukuta ule siku tisa. Siku ya kumi ndipo aliponiruhusu kuingia ukumbini.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna mashine na maabara, na mimi sijui nusu ya mnayoyajua. Lakini machinjio yetu, yaliyokuwa bondeni mwendo wa dakika chache kutoka Katwe, mjini Kampala, yalikuwa na kanuni ambazo hazikuhitaji mashine. Ng'ombe akishuka kwenye lori hupumzishwa siku nzima. Hupewa maji muda wote. Hapigwi, huongozwa kwa sauti na kwa mkanda mpana wa turubai unaotoa kishindo bila kuumiza. Mkaguzi humkagua mara mbili, akiwa hai na akiisha kuchinjwa. Akiwa hai unatazama mwendo, macho, pua, mate. Akiisha kuchinjwa unapasua msuli wa taya kutafuta viini vya tegu, na unakata matezi kutafuta kifua kikuu. Kila kitu huandikwa. Daftari la zizi lilikuwa kubwa kama meza ya chai, lenye jalada gumu jeusi, na ukikosea hukuruhusiwa kufuta. Ulipiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, ukaandika sahihi yake pembeni, ukatia saini.

Nyuma ya mlango wa ofisi palibandikwa sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, iliyoachwa na serikali ya kikoloni, karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Wengi hawakuisoma. Hajji aliyekuwa mkuu wa wachinjaji, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani enzi za babu zao na kukaa Kampala, aliniambia kuwa yeye hakuihitaji karatasi ile. Alikuwa hanoi kisu mbele ya mnyama, wala hachinji mmoja huku mwingine anatazama. Alisema aliyemfunza ni baba yake, na baba yake alifunzwa na baba yake, na kwamba mnyama ana haki juu ya anayemla.

Mtu wa tatu aliyenifunza alikuwa mkuu wa zizi. Jina lake Lokoru, Mkaramojong, wa jamii ya wafugaji wa kaskazini mashariki, mrefu, mkavu, ambaye hakuwahi kuingia darasani. Yeye ndiye aliyepokea kila ng'ombe aliyeshuka kwenye lori. Alikuwa anapiga mluzi mwembamba, na ng'ombe waliotoka safari ya siku mbili, waliojaa hofu, walikuwa wanageuza masikio na kumfuata. Mimi niliyasoma magonjwa katika vitabu. Yeye aliyasoma kwa kupitisha kiganja mgongoni mwa mnyama. Mara nyingi aliniambia, yule kesho ataanguka, na kesho yule alianguka. Mimi nikawa naandika katika daftari, naye alipenda kusimama nyuma yangu akitazama kalamu inavyokwenda. Siku moja aliniomba nimwonyeshe jina lake lilivyo. Nikamwandikia juu ya kipande cha gunia, akalikunja akalitia mfukoni.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa nilihamishwa kwenye kituo cha ukaguzi barabarani, njia ya kaskazini. Kazi ilikuwa kusimamisha malori ya mifugo, kuhesabu vichwa, kuhakikisha kila mnyama ana nafasi ya kusimama, na kutoa kibali cha kusafirisha. Nilikuwa huko wanajeshi walipochukua nchi. Mwanzoni hapakubadilika kitu ila nyimbo za redioni. Kisha malori ya rangi ya kijani yakaanza kupita bila kusimama, ng'ombe wamepangwa kama kuni, na aliyejaribu kuyasimamisha alitukanwa, baadaye akapigwa. Kituo kikafungwa. Nikarudishwa Kampala.

Nilimkuta Mkaguzi Mkuu ameondoka. Wengine walisema amevuka mpaka, wengine walisema vingine, na katika miaka ile hukuuliza mara mbili. Kiti chake nilikalishwa mimi, kijana wa miaka ishirini na minane. Juu yangu alikuwapo Daktari wa Mifugo wa Mji, msomi mpole aliyekuwa na ofisi upande wa Wandegeya na aliyetutembelea mara moja kwa wiki. Na machinjio yenyewe yakapewa meneja mpya, Kapteni wa jeshi.

Kapteni huyu sitamtaja jina. Alikuwa mtu wa kaskazini, kama baba yangu. Baba alikuwa Sajini wa polisi, Mkristo. Mama yangu ni Mnubi, wa wazao wa askari wa zamani waliotoka Sudani, Mwislamu. Na kambini tulikozaliwa Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani. Kapteni aliposikia ninavyozungumza aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia, akacheka kwa furaha ya kweli. Enzi za ujana wake baba yangu aliwahi kumwachilia kituoni kwa kosa dogo. Tangu siku hiyo akaniita mtoto wa Sajini. Wachinjaji Waganda nilioishi nao vizuri wakaanza kunyamaza ninapoingia. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao ningenyamaza vilevile.

Tulikwaruzana mapema. Malori ya kijani yalileta ng'ombe waliokanyagana, wengine wamevunjika miguu, ndimi nje kwa kiu, na Kapteni akaagiza wachinjwe wakishuka tu. Nikaenda ofisini kwake kumweleza habari za mapumziko.

"Hii ng'ombe inakufa kesho," alisema. "Kwa nini inakunywa maji leo?"

Ningeweza kumsomea sheria ya nyuma ya mlango. Nikaamua kumweleza habari ya nyama. Nilimwambia ng'ombe aliyechoka na kuogopa humaliza sukari iliyo ndani ya misuli yake, na nyama yake huwa nyeusi, ya kunata, na huoza upesi. Nikampeleka ukumbini nikamwonyesha paja la ng'ombe aliyepumzika na paja la ng'ombe wa lori lake, yakiwa yametundikwa pamoja. Nikasema askari wake wakila hii watalala hospitalini. Aliyatazama muda mrefu, akagusa kwa kidole. Kesho yake akatoa amri kuwa ng'ombe wote wapumzishwe siku nzima, na dereva atakayeleta aliyevunjika mguu atamjibu yeye.

Nilijiona nimeshinda. Nilimweleza Hajji kwa majivuno kidogo. Yeye akaniambia kwamba nimemfundisha Kapteni kuihurumia nyama, sijamfundisha kumhurumia mnyama, na kwamba siku yatakapoachana mambo hayo mawili nitaona. Nilidhani ni maneno ya mtu mzima anayependa kusahihisha.

Siku ilikuja kwa njia ya fundi chuma. Asubuhi moja nilimkuta fundi kutoka Katwe ndani ya zizi, ameshika uzi wa kupimia, anapima pembe za fahali. Walikuwa fahali wawili waliokuja kwa malori tofauti: mmoja mweusi mwenye nundu, wa Karamoja, mwingine mwekundu wa Ankole, pembe zake ndefu kuliko mikono yangu nikiinyoosha. Fundi aliniambia kwa adabu kwamba ameagizwa kutengeneza ncha za chuma za kuvika pembe hizo. Alikuwa hanitazami usoni.

Nikaenda kwa Kapteni. Alinieleza waziwazi, hakuwa na la kuficha. Kikosi chake kilikuwa na sherehe Jumapili ya wiki ile, wageni wakubwa wangekuja, na yeye alitaka kuwapa burudani isiyosahaulika.

"Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Basi mimi nataka kuona."

Nikamwambia kwamba sheria inakataza kupiganisha wanyama. Safari hii sikuwa na nyama ya kumwonyesha, nilikuwa na sheria peke yake.

"Hiyo sheria aliandika Mzungu," alinijibu bila hasira. "Walinipeleka kwao mafunzo. Nimeona kwa macho yangu watu wakubwa wamepanda farasi, na mbwa jeshi zima, wanafukuza mbweha mmoja mpaka wanamrarua. Wanapiga makofi. Halafu wanakuja hapa wanatuandikia karatasi. Wewe unanisomea mimi karatasi yao?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafuta jibu lake, na nadhani sasa ninalo: kwamba ubaya wa mwandishi hauigeuzi haki kuwa batili, na kwamba Hajji na Lokoru waliijua haki hiyo bila Mzungu. Lakini siku ile niliondoka mbele ya meza ile bila kulitoa.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari. Niliandika kwamba fahali mweusi na mwekundu wanadondosha mate, wanachechemea, na wanashukiwa kuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Ugonjwa huu huwatoa ng'ombe malengelenge ulimini na kwenye kwato, nao husambaa kama moto wa nyika. Kanuni ni kwamba mnyama anayeshukiwa huingizwa zizi la kutengwa, na hatoki hapo wiki mbili. Nikatia saini. Nikamwita Lokoru, nikamwambia fahali wale ni wagonjwa, awatenge, asiruhusu mtu awatoe. Alinitazama, akatazama daftari lililokuwa wazi mezani, akaitikia kwa kichwa.

Hakukuwa na mate. Hakukuwa na kuchechemea. Fahali wale walikuwa wazima kuliko mimi.

Kapteni hakuwa mjinga. Alimwita Daktari wa Mifugo wa Mji aje athibitishe. Daktari alikuja Alhamisi, akavua saa yake, akashika pua ya fahali mweusi, Lokoru akamsaidia kufungua mdomo. Daktari akatazama ndani. Akamtazama na mwekundu. Niliona bega lake likikakamaa, nikajua amejua. Alinawa mikono polepole sana, kisha akamwambia Kapteni kwamba siku za mwanzo dalili huweza kujificha, na kwamba yeye hawezi kutia saini kuwa ni wazima mpaka wiki mbili zipite. Kila neno alilosema lilikuwa kweli, nami sikuwahi kuona mtu akisema kweli kwa uchungu namna ile.

Kapteni akauliza ni nani aliyepokea fahali hawa waliposhuka.

Lokoru akasema ni yeye.

"Basi wewe ndiye umeingiza ugonjwa kwa ng'ombe ya jeshi," Kapteni alisema. "Hiyo inaitwa hujuma."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, wachinjaji wote wamesimama mlangoni. Askari wawili wakamshika Lokoru mikono, wakamwingiza garini. Hakupinga. Alipopita mbele yangu aliniambia nisisahau kuwamwagia maji wale wawili, birika la zizi la kutengwa lilikuwa linavuja.

Daktari alinishika kiwiko akanivuta pembeni. Alinisihi ninyamaze. Alisema nikisema neno tutakuwa watatu badala ya mmoja, na kwamba ana watoto wanne. Sikumwona mwoga. Alikuwa amekwisha kufanya zaidi ya alichoweza.

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa amestaafu, anaishi Kasubi katika nyumba ya vyumba viwili, anafuga kuku. Nilimweleza yote nikitarajia aniambie kama alivyoniambia Daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama aliyeandika ni mimi au ni Lokoru. Nikasema ni mimi. Akaniambia kwamba katika miaka yake ya upolisi aliona watu wengi wakifungwa kwa kalamu ya mtu mwingine, na mwenye kalamu mara zote alikuwa na sababu nzuri ya kukaa nyumbani. Kisha akarudi kwa kuku wake, akawamwagia chakula.

Ijumaa asubuhi nilivaa koti langu jeupe, nikachukua daftari la zizi kwapani, nikaingia kwa Kapteni. Niliweka daftari wazi mbele yake. Nilimwambia niliyoyaandika ni uongo wangu mwenyewe, fahali ni wazima, na Lokoru hakujua lolote. Niliisikia sauti yangu ikitoka mbali, kama ya mtu wa chumba cha pili.

Alisoma ukurasa ule. Alisoma tena. Nje nilisikia mluzi wa treni.

"Ningekuwa simjui baba yako," alisema mwishoni, "leo watu wangekuwa wanakutafuta." Akalifunga daftari. "Kwa nini? Kwa ng'ombe wawili? Wiki ijayo Hajji anawachinja."

Nikamwambia kuchinjwa kuna mwisho wa haraka na kuna sababu, na kule uwanjani hakuna vyote viwili. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Hukumu yake ilikuwa hii. Lokoru angerudi Jumatatu. Na mimi Jumapili ningekuwa uwanjani, mstari wa mbele, nimevaa koti langu jeupe, ili wageni waone kwamba mchezo una daktari wake.

Nilikwenda. Uwanja ulikuwa umezungushiwa magogo na nyaya. Wageni walikaa chini ya turubai, bendi ikapiga, na watu walikuwa wengi, wake za askari wamevaa vizuri, watoto wamebebwa mabegani. Wengi walikuwa wamekuja kufurahi tu, maana siku za kufurahi zilikuwa chache. Fahali waliingizwa na ncha za chuma zinametameta. Mweusi alisimama katikati akinusa majani. Mwekundu alitafuta njia ya kutokea. Hawakutaka kupigana. Askari wakawachoma kwa vyuma vya moto kutoka nyuma ya magogo mpaka wakashikana.

Sitaeleza yote. Nitasema kwamba haikuchukua muda, na kwamba kelele za watu zilikuwa kubwa mwanzo, zikapungua, zikaisha. Fahali mwekundu alichanwa tumbo. Alianguka kwa magoti ya mbele, akajaribu kuinuka, akajikanyaga mwenyewe. Mweusi hakumfuata. Alirudi nyuma akasimama pembeni, damu inamtoka shingoni, akitweta. Bendi haikujua kama ipige au isipige. Chini ya turubai wageni walitazama glasi zao. Mwanamke mmoja karibu nami alimfunika mwanawe macho kwa kanga.

Nikavuka magogo. Sikupanga, miguu ilikwenda. Nilimwendea Kapteni, aliyekuwa amesimama kando ya uzio, nikamwomba amwamuru mtu ampige risasi yule mnyama. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alifungua mkoba wa kiunoni akanipa bastola yake mwenyewe.

Ukumbini tulikuwa na bastola ya msumari, ile isiyotoa risasi bali hutoboa paji la uso na kumzimisha mnyama papo hapo kabla ya kisu, kwa wateja waliotaka hivyo. Mahali pa kulenga nilipajua: unachora mistari miwili kutoka kila jicho hadi pembe ya upande wa pili, na pale inapokutana ndipo. Nilipiga magoti kwenye majani. Nikamwekea fahali kiganja mgongoni kama alivyokuwa akifanya Lokoru. Masikio yake yaligeuka. Nikafyatua mara moja, na ilitosha.

Niliposimama, watu mia kadhaa walikuwa wananitazama na mimi nilikuwa na bastola yenye risasi bado, hatua tano kutoka kwa Kapteni. Sote wawili tuliwaza jambo moja, nadhani. Nilimrudishia, mpini mbele.

Hapakuwa na mchezo mwingine wa namna ile, angalau si kwa ng'ombe wa machinjioni kwetu. Fahali mweusi alirudishwa, tukamsafisha jeraha, akapumzishwa, na Hajji akamchinja kwa utaratibu wake baada ya kupona. Wengine walishangaa kwa nini tulimtibu mnyama wa kuchinja.

Jumatatu asubuhi, kabla Lokoru hajafika, nilifungua daftari. Nilipiga mstari mmoja juu ya niliyoyaandika, nikaandika pembeni kwamba si kweli, nikatia saini. Chini yake niliandika yaliyotokea Jumapili: vyeo, wanyama, majeraha, sababu ya kifo. Daktari alipokuja kukagua daftari aliusoma ukurasa ule amesimama, akatia saini yake chini ya yangu, akaugeuza ukurasa. Miezi michache baadaye naye alivuka mpaka.

Lokoru alirudi kama Kapteni alivyoahidi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa na havikunyooka tena. Alianza kupiga mluzi kabla hajafika getini. Nilimwambia pole. Akasema amepoa. Nikamuuliza maswali ya mkono, nikampeleka kwa mfungaji mifupa, nikamwombea kazi nyepesi, akaikataa. Nilifanya mengi. Lakini nilikuwa nimeukiri uongo wangu kwa Kapteni, kwa baba, na katika daftari ambalo kila mwenye kusoma angeweza kulisoma. Mtu mmoja tu sikumwambia, naye hakujua kusoma. Wiki ilipita, mwezi ukapita, na kila siku iliyopita iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Serikali ya wanajeshi ilianguka. Kapteni aliondoka na wenzake, na habari zake sikuzisikia tena. Machinjio yaliporwa, yakafunguliwa, yakahama usimamizi mara nyingi. Nilifanya kazi chini ya mabwana sita baadaye, wazuri na wabaya, na miaka yangu ya mwisho nilikuwa mkufunzi wa wakaguzi. Niliwafundisha wanafunzi wangu sheria, na niliwafundisha pia kwamba mtu anaweza kuitetea haki ya mnyama kwa njia itakayomvunja binadamu mwenzake, na kwamba hesabu hiyo haina kanuni iliyoandikwa popote. Waliandika hayo katika madaftari yao. Sikuwaeleza nimeyapata wapi.

Nilipostaafu, Lokoru alikuwa bado zizini, mzee kuliko mimi, naye akijiandaa kurudi Karamoja. Siku ya kuagana walituandalia soda na nyama choma uani. Watu walipotawanyika tulibaki wawili, tukiegemea ukuta wa zizi. Nikamuuliza kwa mara ya kwanza walimfanyia nini kule.

Alinieleza bila haraka. "Walipiga, wakauliza, ng'ombe mgonjwa au hapana mgonjwa? Nikisema mzima, wanaacha. Mimi nikasema mgonjwa. Bwana mifugo ameandika. Yeye hapana andika uongo."

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe aliwatazama.

"Niliangalia siku ile ile. Nilifungua mdomo ya wote wawili. Safi kabisa." Aliutazama mkono wake. "Nikasema, basi, macho yangu imezeeka. Tangu hapo siamini macho yangu sana. Nikiona ng'ombe, nangoja wewe uandike."

Ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, fundi chuma, kalamu, Kapteni, mstari juu ya maandishi. Ilichukua muda mfupi kushinda nilivyoogopa kwa miaka yote ile. Alisikiliza akiwa amewaelekea ng'ombe, wala hakugeuka. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, na nadhani nilitaka.

Aliendelea kuwatazama mpaka ng'ombe mmoja mwenye baka jeupe akalala chini na kuanza kucheua.

"Basi macho yangu ilikuwa nzuri," alisema.